Sahihi, Muhuri na Ufunguo

(Yafuatayo ni maneno aliyoyasema mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya wenzake, walimu na wanafunzi, siku ya mkutano wetu wa mwaka, katika ukumbi wa shule, Songea. Tumeyachapisha kwa ombi la wengi waliokuwapo.)



Mara ya mwisho niliposimama mbele ya ukumbi huu nilikuwa nimeitwa kueleza kwa nini sikuhudhuria usomaji wa jioni. Leo nimeitwa kwa barua yenye muhuri. Hayo ni maendeleo. (Kicheko.)

Barua ya Ndugu Katibu ilinitaka nizungumzie kazi yangu na manufaa yake kwa vijana. Kazi yangu ni kutunga programu za kompyuta na za simu. Nilifikiri sana juu ya mambo ya kusema, nikaona kwamba mtu akisimulia mafanikio yake wasikilizaji husinzia, lakini akisimulia makosa yake wote huamka. Kwa hiyo nitazungumzia makosa. Nitazungumzia aina moja tu, ile inayomkuta kila mtunzi wa programu, naye aghalabu hukutana nayo usiku, siku moja kabla ya kukabidhi kazi: kompyuta inagoma kuijenga programu, au simu inagoma kuipokea, kwa sababu ya ufunguo wa kutia sahihi au kwa sababu ya cheti.

Nawaomba wazee wasiondoke. Nitaanza na jambo wanalolijua kuliko mimi, nalo ni lango la shule hii.

Sote tunakumbuka karatasi ya ruhusa. Jumamosi ukitaka kushuka mjini, kwenda Soko Kuu au kumtembelea shangazi Lizaboni, ulihitaji karatasi yenye jina lako, tarehe, sahihi ya mwalimu wa zamu na muhuri wa shule. Miaka yangu getini alikaa mzee mmoja ambaye hakuwa na haraka na mtu. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaisoma kama barua ya posa. Aliuliza ni nani aliyekutuma, akatazama tarehe, akaigeuza karatasi kwenye mwanga kuona kama kuna neno lililofutwa na kuandikwa upya. Mambo haya aliyafanya hata kwa kijana aliyemjua kwa jina na kwa ukoo.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilichonga muhuri kwa kiazi. Haikuwa kazi mbaya, hata leo nasema hivyo. (Kicheko.) Mzee aliitazama karatasi yangu kwa muda mrefu, kisha akatoa mfukoni karatasi nyingine ya wiki iliyopita, akaziweka mbili pamoja gotini. Akasema: “Mwanangu, muhuri huu ni mzuri, ila si ule.” Jumamosi ile niliimaliza nikifyeka nyasi nyuma ya bweni.

Ndugu zangu, kompyuta na simu mnazozishika zina mlinzi wa namna hiyo hiyo. Ningemwelewa mzee yule vizuri zaidi, ningejiepusha na hasara nitakayowasimulia baadaye.

Tuanze na sahihi yenyewe. Kuijenga programu maana yake ni kuyakusanya maandishi yote ya mtunzi na kuyageuza kuwa faili moja ambalo simu au kompyuta inaweza kulitumia. Faili hilo husafiri. Hupita katika kadi za kumbukumbu, katika intaneti, katika mikono ya watu wasiojulikana. Basi anayelipokea atajuaje kwamba ni lile lile lililotoka kwa mtunzi?

Mwaka 1976 wataalamu wawili wa Marekani, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walichapisha wazo la funguo mbili zinazokwenda pamoja, mmoja wa siri na mmoja wa wazi. Mwaka uliofuata Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wakabuni njia ya kulitekeleza wazo hilo, nayo ikaitwa RSA kwa herufi za kwanza za majina yao. Njia hiyo inatumika hadi leo. Ufunguo wa siri hutia sahihi. Ufunguo wa wazi huikagua. Mwenye ule wa wazi anaweza kukagua apendavyo, lakini hawezi kutia sahihi. Cheti, kwa upande wake, ni hati inayosema kwamba ufunguo huu wa wazi ni wa fulani, unaanza kutumika tarehe fulani na mwisho wake ni tarehe fulani.

Kabla ya kutia sahihi, kompyuta hulipiga faili hesabu na kupata namba moja fupi, mfano wa alama ya kidole. Ukibadili herufi moja tu ndani ya faili, alama hiyo hubadilika yote. Sahihi hutiwa juu ya alama hiyo. Huo ndio msingi. Mengine yote ni maswali ya mlinzi, nami nimeyapanga katika maswali matano.

Swali la kwanza: Nani aliyekutuma?

Programu ya siku hizi haijengwi kwa maandishi ya mtu mmoja. Kompyuta inapoijenga huenda kuchukua vipande kutoka kompyuta nyingine za mbali, na kabla ya kupokea chochote hudai cheti. Cheti hicho kimetiwa sahihi na mwenye cheti kingine, na hicho na kingine, mpaka kufikia cheti mama kilichomo katika orodha ya vyeti vinavyoaminiwa. Ukikosekana mmoja katika mlolongo huo, ujenzi unasimama.

Niliwahi kufanya kazi katika ofisi moja Dar es Salaam ambako kurasa za intaneti zilifunguka vizuri kabisa, lakini ujenzi wa programu ukakataa kila siku ukisema hauioni njia ya kufikia cheti kinachoaminika. Tuliilaumu intaneti kwa siku tatu. Kumbe ofisi ilikuwa na mtambo unaokagua mawasiliano yote, nao huweka cheti chake mahali pa kile cha asili. Wataalamu wa ofisi walikuwa wamekiingiza cheti cha mtambo katika orodha ya kompyuta zetu. Lakini Java, ambayo ndiyo iliyokuwa ikijenga, ina orodha yake yenyewe, na huko hakuna aliyekipeleka. Tulikiingiza kwa chombo kiitwacho keytool, kinachokuja pamoja na Java, kazi ya dakika tano.

Hali kadhalika, tarehe 30 Septemba 2021 kilikwisha muda cheti mama cha zamani, DST Root CA X3, ambacho vyeti vya Let's Encrypt vilikuwa vikikiegemea. Kompyuta nyingi za kujengea programu zenye mifumo mikuukuu ziliamka siku ile zikikataa mahali pa kawaida, ingawa mwenye mahali hapo hakuwa na kosa lolote. Dawa yake ilikuwa kuipa kompyuta orodha mpya na programu mpya za ukaguzi.

Ipo dawa nyingine ambayo vijana mtaiona haraka, nayo ni kumwambia mlinzi alale. Vyombo vingi vya kujengea vina neno la kuzima ukaguzi, na ukilitumia kosa hutoweka papo hapo. Watumiaji wa Linux nao hujaribiwa vivyo hivyo hazina ya programu inapokuwa na ufunguo uliokwisha muda au usiojulikana. Ninawasihi msifanye hivyo. Ukimlaza mlinzi, umelifungua lango kwa wote, si kwa rafiki yako peke yake. Tafuteni ufunguo mpya kwa mwenyewe, mlinganishe alama yake ya kidole na ile aliyoitangaza, kisha mwendelee.

Swali la pili: Leo ni tarehe ngapi?

Wenyeji wa Songea mnakumbuka umeme wetu kabla ya 2018, wakati tulipotegemea mashine za dizeli na laini kubwa ya kutoka Makambako haijatufikia. Umeme ukikatika, ndani ya kompyuta hubaki betri ndogo ya duara kama sarafu, na mojawapo ya kazi zake ni kuilinda saa. Betri hiyo ikifa, kompyuta huamka ikidhani tuko miaka mingi nyuma.

Usiku mmoja nilihangaika mpaka alfajiri na ujenzi uliokataa kila cheti duniani. Nilibadili mipangilio, nikafuta, nikaweka upya. Asubuhi kijana mmoja wa mafunzo ya kazi aliingia, akaweka chai yangu mezani, akasema: “Kaka, mbona kompyuta yako inasema ni 2009?” Vyeti vyote vilikuwa vizima. Kwa kompyuta ile vilikuwa havijazaliwa. Tangu siku hiyo jambo la kwanza ninalolitazama nikiona neno cheti ni saa iliyo pembeni mwa kioo.

Lakini mara nyingine tarehe hupita kweli. Tarehe 4 Mei 2019 watumiaji wa kisakuzi cha Firefox duniani kote waliona nyongeza zao zimezimwa zote kwa pamoja. Hapakuwa na mwizi. Cheti kimoja cha katikati, kilichotumika kuthibitisha sahihi za nyongeza hizo, kilikuwa kimefikia mwisho wake bila kuhuishwa. Kampuni kubwa yenye wataalamu hodari ilisahau tarehe, sembuse mimi na wewe. Kwa programu za Android, duka la Google hudai ufunguo ambao cheti chake kitadumu kupita tarehe 22 Oktoba 2033, na wengi wetu huomba siku 10,000, yaani miaka ishirini na saba na ushei. Kwa programu za Windows, vyeti havidumu muda mrefu namna hiyo. Huko ni lazima kuongeza muhuri wa wakati, ili sahihi iliyotiwa cheti kikiwa hai iendelee kukubaliwa baada ya cheti kufa.

Swali la tatu: Nani ameigusa karatasi baada ya muhuri?

Hapa mtunzi hujikwaa kwa mikono yake mwenyewe. Hutia sahihi, kisha akakumbuka kuongeza picha moja au kulipanga upya faili ili lifunguke haraka. Sahihi inavunjika, na simu inakataa. Kwa chombo cha sasa cha Android kiitwacho apksigner, panga kwanza faili kwa zipalign, kisha tia sahihi, kisha usiguse. Kwa chombo cha zamani, jarsigner, mpangilio ulikuwa kinyume, na ndiyo maana maelekezo ya kale yanawapoteza wengi. Aidha, sahihi ya namna ya zamani peke yake haitoshi tena: programu iliyolengwa kwa Android 11 au zaidi hukataliwa na simu hizo isipokuwa ina sahihi ya namna ya pili au ya baadaye.

Swali la nne: Je, ufunguo huu unao kweli?

Funguo za siri hukaa ndani ya faili linaloitwa hifadhi ya funguo, nalo hufungwa kwa neno la siri. Ukikosea neno, kompyuta hujibu kwamba ama hifadhi imechezewa ama neno la siri si sahihi. Jibu moja kwa mambo mawili! Kijana husoma nusu ya kwanza, akaogopa kwamba ameingiliwa, akaifuta hifadhi na kutengeneza nyingine. Hilo ndilo kosa lisilorudishika.

Fanyeni hivi. Chukueni nakala ya hifadhi, mjaribu kuifungua kwa mkono kwa keytool, mkiandika neno la siri herufi moja moja. Ikifunguka, basi ufunguo ni mzima na kosa limo katika mipangilio ya ujenzi: pengine kuna nafasi tupu mwishoni mwa neno, au njia ya kufikia faili si yenyewe, au jina la ufunguo ndani ya hifadhi limeandikwa vingine. Isipofunguka, tafuteni nakala nyingine na neno jingine, polepole. Msitengeneze ufunguo mpya kwa hasira.

Swali la tano: Ni wewe yule yule wa jana?

Hili ndilo swali la karatasi mbili gotini. Simu ya Android haiulizi cheti chako kimetolewa na mkubwa gani. Unaweza kujitolea mwenyewe. Lakini ikishaipokea programu yako mara moja, itadai kwamba kila toleo jipya litiwe sahihi kwa ufunguo ule ule. Ukileta mwingine, itakataa, hata kama jina ni lile lile na mtunzi ni yule yule.

Ndiyo maana wanafunzi wawili wanaoshirikiana kazi moja hushangaa: programu iliyojengwa kwenye kompyuta ya mmoja haikubali kuwekwa juu ya ile ya mwenzake. Kila kompyuta hujitengenezea ufunguo wake wa majaribio, na funguo hizo hazifanani. Ndivyo ilivyo pia kwa programu za wazi kama ile ya simu ya DHIS2, mfumo uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo na ambao nchi yetu huutumia kukusanya takwimu za zahanati na hospitali. Maandishi yake yako wazi, unaweza kuijenga mwenyewe leo. Lakini utakayoijenga haitakaa juu ya ile rasmi, kwa sababu ufunguo wa wenyewe huna, wala hupaswi kuwa nao.

Sasa nifike kwenye hasara yangu.

Mwaka 2016 nilikitungia chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, upande wa Mbinga, programu ya mizani. Makarani kumi na mmoja walipewa simu. Mkulima alileta kahawa yake mbivu, karani akapima, akaandika kilo kwenye simu, na mahali penye mtandao simu ikapeleka hesabu makao ya chama na mkulima akapata ujumbe. Kazi ilikwenda vizuri, nami nikaanza kutembea kifua mbele. Niliwaambia makarani kwamba sasa vitabu vya stakabadhi waviweke kabatini.

Mwaka 2017, katikati ya msimu, tuligundua kwamba programu ilikuwa ikikosea kukata nusu kilo katika mizani fulani. Nililirekebisha kosa kwa siku moja. Lakini miezi mitatu nyuma kompyuta yangu ilikuwa imeungua kwa umeme uliorudi kwa nguvu. Maandishi ya programu yalikuwa salama, nilikuwa nayo mahali pengine. Ufunguo haukuwapo. Nilikuwa nimefundishwa, na ni kweli, kwamba ufunguo wa siri usiwekwe pamoja na maandishi ya programu. Nilitii nusu ya somo: sikuuweka pale, wala sikuuweka pengine popote. Nilitengeneza ufunguo mpya, nikajenga, nikapeleka. Simu zote kumi na moja zikakataa.

Muhuri mzuri, ila si ule.

Nilijua maana yake. Nilijua vilevile kwamba ipo njia moja tu, kuiondoa programu ya zamani na kuweka mpya. Niliwapigia makarani simu mmoja mmoja, nikawaambia waiondoe. Kwa haraka yangu sikuuliza swali moja: je, umeshapeleka kilo zako? Kwa maana simu inapoiondoa programu, huondoa na kumbukumbu zake zote.

Tisa walikuwa wamepeleka. Wawili walikuwa wamekaa siku sita mahali pasipo na mtandao, wakapanda kilima kunisikiliza, na wakanitii.

Karani wa kwanza alikuwa mzee. Nilipomfikia, nikiwa natetemeka, alifungua kabati akatoa kitabu cha stakabadhi chenye nakala za kaboni. Hakuwahi kuacha kuandika hata siku moja. Aliniambia, “Simu yako niliipenda, mwanangu, lakini sikuijua ukoo wake.” Kijiji chake hakikupoteza hata kilo moja.

Karani wa pili alikuwa kijana wa umri wa mwanangu, na yeye alikuwa ameniamini. Kitabu kilikuwa kabatini, kitupu. Tulikaa mbele ya ofisi ya chama na wakulima arobaini na watatu, mmoja mmoja akitaja alicholeta siku ile na ile, jirani akimshuhudia. Wengi walikumbuka vizuri, kwa kuwa mtu aliyebeba debe kichwani kutoka bondeni hasahau uzito wake. Chama kililipa kwa maneno yao, na pale hesabu ilipozidi kiasi kilichofika kiwandani nililipa mimi tofauti. Lakini mama mmoja hakukubaliana na kilo alizoandikiwa, wala mimi sikuwa na la kumwonyesha. Alichukua fedha, akaondoka bila kuniaga. Msimu uliofuata aliuza kahawa yake kwingine. Na yule kijana alijiuzulu ukarani, ingawa kosa lilikuwa langu na nilisema hivyo mbele ya wote. (Kimya.)

Vijana, simu ile haikukosea. Ilifanya kazi ya mzee wa getini. Kama ingemkubali kila anayekuja na muhuri mwingine akisema “ni mimi,” basi tapeli yeyote angeleta programu yenye jina langu na kuziandika kilo za wakulima apendavyo. Aliyekosea ni mimi niliyeupoteza ufunguo, kisha nikawafundisha watu kumkwepa mlinzi badala ya kusimama na kufikiri.

Siku hizi wanaotumia duka la Google wana nafuu. Tangu Agosti 2021 programu mpya huko huwa na funguo mbili: ule wa kupakia, unaokaa nawe, na ule wa kutia sahihi ya mwisho, unaotunzwa na Google. Ukiupoteza wa kupakia unaweza kuomba ubadilishiwe. Lakini mkumbuke kwamba kwa sababu hiyo alama ya kidole ya programu inayomfikia mtumiaji si ile ya kompyuta yako. Ramani au njia ya kuingilia ikikataa baada ya programu kutoka dukani ingawa kwako ilifanya kazi, nenda kaiandikishe alama ya ufunguo wa pili. Na tangu Android 9, ya 2018, mtunzi anaweza kubadili ufunguo, kwa sharti kwamba ule wa zamani uutambulishe mpya. Anayekabidhi kiti lazima awe hai.

Ufunguo uliopotea ni msiba wa nyumba moja. Ufunguo ulioibwa ni msiba wa mtaa mzima. Mwaka 2012 kampuni ya Adobe iligundua kwamba waovu walikuwa wameingia katika kompyuta yake ya kujengea programu na kuzitia programu zao haribifu sahihi ya kampuni. Ikabidi cheti hicho kibatilishwe. Na sisi hapa nchini tunayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayoitambua sahihi ya kielektroniki. Kwa hiyo ufunguo wa siri si mchezo wa watoto wa kompyuta. Ni mkono wako.

Ndugu Mwenyekiti, nisiwachoshe. Ninayo maombi matatu.

La kwanza ni kwa wanafunzi wa zamani wenzangu. Asubuhi nilipita chumba cha kompyuta cha shule, nikakuta mashine kadhaa zinazoamini kwamba mimi bado ni kijana. (Kicheko.) Betri moja ya saa haifikii bei ya sahani ya wali na nyama. Nitatoa za mashine zote zilizomo; naomba wenzangu watoe za miaka ijayo.

La pili ni kwa chama cha kompyuta cha wanafunzi. Anzisheni daftari la funguo. Kila programu mnayoitunga iandikwe humo: jina la ufunguo, tarehe ya kuzaliwa na ya kufa ya cheti, alama yake ya kidole, na mahali zilipo nakala mbili. Neno la siri lisiandikwe humo. Liwekwe katika bahasha iliyofungwa, katika sanduku la fedha la shule, na nakala ya pili ya hifadhi ikae mbali na ya kwanza, ili moto mmoja usizile zote mbili. Kabla ya kutoa toleo lolote jipya, liwekeni kwanza juu ya la zamani kwenye simu moja, muone kama linakubalika na kama kumbukumbu zimebaki.

La tatu ni kwa kila kijana aliyemo humu, hata asiyeipenda kompyuta. Ukikataliwa getini, usikimbilie ukuta. Soma ulichoandikiwa mpaka mwisho. Uliza: nani kanituma, leo ni tarehe ngapi, nani kaigusa karatasi yangu, ufunguo ninao, na je, mimi ndiye yule wa jana? Mara nyingi utakuta mlinzi anasema kweli, na kwamba unachotakiwa kufanya ni kidogo kuliko ulivyodhani.

Mzee wa getini ameshatutoka. Lile kabati la yule karani wa Mbinga nililiona tena mwaka jana. Kitabu cha stakabadhi bado kipo juu, na sasa simu nayo ipo, pembeni yake. Nilimwuliza kama bado anaandika mara mbili. Akanijibu kwamba ndiyo, mpaka ukoo wa simu ujulikane.

Nilimwacha aandike.

(Makofi.)